Marejesho ya asilimia 35 au akaunti ya sarafu yangu: nichague tovuti ipi ya poka?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nacheza poka mtandaoni, Texas Hold'em kwenye meza za pesa taslimu, blaindi (yale madau ya lazima, dogo na kubwa) za senti 5 na 10 za dola. Kwa mwezi nafikisha kama mikono 20,000, yaani migawo ya karata. Nimebakiwa na tovuti mbili za kuchagua. Ya kwanza inanirudishia asilimia 35 ya reki, lakini akaunti ni ya dola tu. Ya pili inarudisha asilimia 20, ila inaniruhusu kufungua akaunti kwa sarafu ninayolipwa mshahara. Kadi yangu inakatwa asilimia 3 kila nikiweka na kila nikitoa. Wenzangu wananiambia 35 ni 35, nisijisumbue na mengine. Nafuu iko wapi? Na je, nikitumia sarafu za kidijitali nitayakwepa hayo makato?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako wamekosea mahali pamoja tu, ila ndipo penyewe. Ile asilimia 35 na hii asilimia 3 ya kadi hazitoki kwenye fungu moja. Marejesho ni asilimia ya reki, yaani kile kipande ambacho tovuti inachota kwenye poti, zile pesa zinazogombaniwa mezani. Makato ya kubadilisha sarafu ni asilimia ya pesa yote unayoivusha, iwe utaichezea au italala tu kwenye akaunti. Asilimia ndogo ya fungu kubwa inaweza kumeza asilimia kubwa ya fungu dogo. Kwa hiyo usilinganishe asilimia kwa asilimia. Zigeuze zote ziwe dola kwa mwezi, ndipo uziweke kwenye mizani.

Tuanze na reki. Meza za pesa taslimu kwa kawaida hukatwa kama asilimia 5 ya poti mpaka kima fulani cha juu, na tovuti nyingi hazikati kitu mkono ukiisha kabla karata tatu za kwanza hazijafunuliwa mezani. Kwa dau dogo kama lako, nitachukua kwamba unalipa blaindi kubwa 7 kwa kila mikono 100. Hiyo ni yangu ya kufanyia hesabu. Ya kwako ipo kwenye programu inayohifadhi historia ya mikono yako, au mwombe mhudumu wa tovuti akupe jumla ya reki uliyolipa mwezi uliopita. Mikono 20,000 ni mamia 200. Mara 7 unapata blaindi 1,400, na kwa blaindi ya senti 10 hizo ni dola 140. Asilimia 35 yake ni dola 49. Asilimia 20 ni dola 28. Tovuti ya kwanza inakuzidishia dola 21 kwa mwezi, basi. Ndizo dola unazozipigania.

Sasa chukua hizo 21 uzigawe kwa asilimia 3 ya kadi yako, yaani 0.03. Jibu ni 700. Ukijumlisha ulizoweka na ulizotoa ndani ya mwezi, zikiwa chini ya dola 700, tovuti ya dola bado inakulipa. Zikizidi hapo, faida yote imeenda benki. Hukutaja unavusha kiasi gani, na hilo ndilo lingeamua. Mtu aliyeweka dola 400 mara moja akaziacha afanyie kazi analipa dola 12 siku hiyo, halafu miezi inayofuata halipi kitu mpaka atoe. Mwenye tabia ya kuweka mia leo, kutoa mia keshokutwa, kisha kuirudisha tena Ijumaa, anachangia benki kwa bidii bila kujua.

Hiyo asilimia 3 yenyewe usiiamini kwa kuisoma kwenye tangazo la kadi. Ipime. Siku unapoweka pesa, angalia kiwango cha kati cha soko (katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu) dakika ile ile, kisha ngoja muamala ukamilike uone umekatwa kiasi gani. Tuseme umeweka dola 100, kiwango cha kati kinasema hizo ni yuro 92, na taarifa ya benki inaonyesha zimetoka yuro 95.20. Umezidishiwa 3.20. Gawanya kwa 92, inakuja karibu asilimia 3.5. Mara nyingi ada iliyoandikwa ni sehemu tu ya gharama. Inayobaki imefichwa ndani ya kiwango walichokubadilishia. Wengine hutangaza kwa herufi kubwa kwamba hawatozi ada yoyote, na ni kweli hawatozi, wamekuuzia dola ghali tu.

Njia ambayo pesa inapita nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mfano ninaokutana nao sana ni wa pochi ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa sarafu isiyo ya kadi wala ya tovuti. Mtu anapokea mshahara kwa sarafu yake, pochi kaifungua kwa yuro kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya orodha, na tovuti inataka dola. Kadi kwenda pochi, asilimia 3. Pochi kwenda tovuti, tuseme asilimia 4. Ni karibu asilimia 7 kwa kwenda tu, na kurudi ni vile vile. Akiingiza dola 200 na kutoa dola 200 katika mwezi, anaacha njiani kama dola 28. Zile 21 zimeliwa na amechomoa 7 zaidi mfukoni. Pochi ile ile ingefunguliwa kwa dola au kwa sarafu ya mshahara, ubadilishaji mmoja ungeondoka. Tena ukiulizwa wakati wa kulipa kama unataka ukatwe kwa sarafu ya kwako au ya muuzaji, chagua ya muuzaji, uiache kadi yako ibadilishe. Kile kiwango wanachokuonyesha kwa ukarimu pale kwenye skrini huwa kibaya zaidi, isipokuwa mara chache sana.

Nije kwenye tovuti yako ya pili, maana hapo pana mtego. Akaunti kuwa kwa sarafu yako hakumaanishi meza ziko kwa sarafu yako. Wewe mwenyewe umeniambia unacheza senti 5 na 10 za dola. Basi swali ni hili: unapokaa mezani na dola 10, hizo dola zinatoka wapi? Kwenye baadhi ya tovuti, sarafu unayoiona ni sura tu, daftari lao la ndani limeandikwa dola na hakuna kinachobadilishwa mpaka siku ya kutoa. Kwenye nyingine, salio lako hubadilishwa kweli kila unapokaa, na hubadilishwa tena kila unaponyanyuka. Piga hesabu ya hii ya pili. Meza nne kwa wakati mmoja, dola 10 kila meza, vikao 25 kwa mwezi: dola 1,000 zinaingia mezani na takribani nyingine 1,000 zinarudi. Tovuti ikijichukulia asilimia 1 tu kila upande, ni dola 20. Umekimbia makato ya kadi ukayakuta yamekaa kwenye kiti cha mezani.

Kulijua hili hakuhitaji kusoma kurasa 40 za masharti. Andika salio lako mpaka senti ya mwisho. Kaa kwenye meza moja na kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, bonyeza kitufe cha kutoshiriki, usilipe blaindi hata moja, kisha ondoka. Tazama salio. Kama limepungua ingawa hukucheza mkono wowote, hilo pengo ndiyo bei ya kukaa na kunyanyuka. Kama halikusogea, sarafu yako ni sura tu, na gharama utaikuta mlangoni unapotoa. Lirudie jaribio siku nyingine, kwa sababu kiwango cha ubadilishaji hupanda na kushuka chenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na kwa mchezaji wa poka daftari linatakiwa liwe na safu ya reki na safu ya ubadilishaji, siyo ushindi na hasara peke yake.

Kabla hujazama zaidi kwenye marejesho, linganisha reki zenyewe. Hapa ndipo matangazo yanapowapiga wengi chenga. Tuseme tovuti ya asilimia 35 ina kima cha juu kikubwa zaidi, hivyo mchezo wako ule ule unakutoza blaindi 8.5 kwa mikono 100 badala ya 7. Kwa mwezi ni dola 170. Ondoa asilimia 35, umebaki umelipa 110.50. Kule kwa asilimia 20 ulilipa 140, ukarudishiwa 28, umebaki umelipa 112. Ule mwanya wa dola 21 umekuwa dola moja na nusu! Ninachokiangalia mimi kwanza ni reki halisi baada ya marejesho, na kile kibandiko cha asilimia huwa nakiangalia mwisho.

Uliza pia wanavyogawa reki kwa wachezaji. Zamani ilikuwa kawaida kila aliyegawiwa karata ahesabiwe sehemu sawa ya reki ya poti, hata aliyetupa karata zake mapema, na wachezaji wabanifu walinufaika. Siku hizi tovuti nyingi huhesabu kwa uwiano wa pesa uliyoitia kwenye poti. Zipo pia zinazowapunguzia tuzo wanaoshinda na kutoa mara kwa mara. Ukiwa mtu wa kutupa karata sana, asilimia 35 iliyoandikwa haiwezi kuwa 35 ukiihesabu kwa reki ya mezani kwako.

Bonasi ya kuweka pesa mara ya kwanza tusiipe muda mrefu. Kama bonasi ni dola 300 na inafunguka kwa kulipa reki ya dola 1,000, hiyo ni asilimia 30 yenye tarehe ya mwisho. Ukipewa siku 90, wewe wa dola 140 kwa mwezi utalipa 420 na kufungua 126. Zilizobaki zinayeyuka. Usiweke pesa nyingi kuliko kawaida yako kwa sababu ya bonasi, maana kila dola ya ziada inalipa asilimia 3 mlangoni.

Na hizi tuzo zote ni ahadi ambayo tovuti inaweza kuibadilisha. Mwishoni mwa 2015 tovuti ya poka ya PokerStars ilitangaza kupunguza tuzo za ngazi zake za juu kuanzia Januari 2016, na miongoni mwa walioumia ni waliokuwa wameusukuma mwaka mzima kufikisha pointi 1,000,000 za ngazi ya Supernova Elite, wakitegemea manufaa ya mwaka uliofuata. Baadhi ya wachezaji waligoma kukaa mezani mapema Desemba. Mabadiliko hayakurudishwa. Ndiyo maana naipa tovuti alama zaidi kwa marejesho yanayoingia kila siku au kila wiki kuliko kwa ngazi inayokuahidi makubwa baada ya mwaka.

Kuacha mtaji kwenye akaunti ili usilipe ubadilishaji mara kwa mara ni hesabu nzuri, lakini inakuweka mikononi mwa tovuti. Tovuti ya Full Tilt Poker ilipobanwa na serikali ya Marekani kuanzia 15 Aprili 2011, ilikuja kubainika kwamba ilikuwa inadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390 huku benki ikiwa na kama dola milioni 60. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014, baada ya kesi na baada ya PokerStars kuichukua kampuni ile. Kwa hiyo tafuta kwenye masharti kama pesa za wachezaji zimetengwa na pesa za uendeshaji, na ni mamlaka gani ya leseni inayosimamia utengaji huo. Tovuti isiyosema lolote juu ya hili, mimi siigusi hata ikirudisha asilimia 60. Hakikisha vilevile kwamba mchezo ni halali unakoishi na kwamba tovuti inawapokea wakazi wa huko; ukijificha nyuma ya VPN (programu inayoficha uliko), wana sababu ya kukufungia na salio likabaki kwao. Peleka vitambulisho mapema, kabla ya kutoa pesa kwa mara ya kwanza.

Tena salio la dola ni dau jingine juu ya dau. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda yuro isishuke chini ya faranga 1.20, na aliyekuwa na mtaji wa yuro huku akilipa kodi ya nyumba kwa faranga alipoteza zaidi ya asilimia 10 siku hiyo hiyo bila kugusa karata. Inaweza pia kukuendea vizuri. Ila usiihesabu kama ushindi wa poka.

Nikuambie na jambo lisilopendeza: wengi wanaocheza hupoteza baada ya reki, na marejesho hupunguza hasara tu. Kama matokeo yako ya miezi kadhaa ni hasara inayozidi dola 49 kwa mwezi kabla ya marejesho, hakuna chaguo kati ya haya mawili litakalokutoa. Punguza dau au upumzike.

Kuhusu sarafu za kidijitali: hukwepi, unabadilisha tu mahali pa kukatwa. Sarafu iliyofungwa kwa dola, kama USDT, inaondoa makato ya kadi, lakini unailipia unapoinunua kwa sarafu yako, unapoituma kwenye mtandao, na unapoiuza ukirudi. Pima vile vile kama kadi: umetoa kiasi gani, zimefika dola ngapi. Wauzaji wazuri hukufikisha chini ya asilimia 3, wabaya wanaipita. Ada ya kutuma haitegemei ukubwa wa pesa, kwa hiyo inauma ukituma dola 20 na haionekani ukituma 400. Na angalia mtandao unaotumia. USDT ya Tron na USDT ya Ethereum zina jina moja lakini hazipiti njia moja. Ukituma kwa mtandao ambao tovuti haiupokei, pesa inaweza kupotea kabisa. Tuma kiasi kidogo kwanza, subiri kionekane kwenye salio, ndipo utume kilichobaki.