Taa za dagaa zinafifia? Itazame plagi kabla hujanunua betri

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema taa zako nne za dagaa, wati 50 kila moja, zinafifia baada ya saa mbili tu baharini, plagi inayounganisha betri na taa inapata moto mpaka imeanza kulainika, na fundi kakwambia betri yako ya ampea 100 imekufa, utafute pesa ya nyingine. Unauliza kama kubadilisha plagi kutasaidia, na inabadilishwaje.

Usinunue betri bado. Nakwambia hivi kwa sababu ni mwaka wa tisa sasa natengeneza taa na betri za wavuvi hapa Unguja karibu na bandari ya Malindi, na betri nyingi nilizoletewa kwa jina la maiti zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa plagi, au waya ulio nyuma ya plagi.

Tupige hesabu. Taa nne za wati 50 ni wati 200. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Plagi nzima haina ukinzani wa kuhesabika, lakini ikishaingia chumvi na kutu inafika kirahisi omu 0.05. Ni kidogo mno, mita ya kawaida haiwezi kuisoma sawasawa. Lakini ampea 17 zikipita hapo, unapoteza volti 0.85, na wati 14 na nusu zinageuka moto ndani ya kijiplastiki kinachoenea kiganjani. Moto huo unakaribia wa pasi ndogo ya kulehemu. Ndio maana plagi yako inalainika, na ikishalainika vyuma vinalegea, ukinzani unaongezeka, moto unazidi. Haitapona yenyewe.

Betri iliyochoka haipashi plagi moto. Plagi ya moto ndiyo dalili yako, na umeileta mwenyewe kwenye swali.

Kabla ya kukata chochote, pima. Washa taa zote nne, weka mita kwenye vichwa vya betri, soma. Kisha pima kule mwisho, waya unapoingia kwenye taa. Chombo kimoja nilichokipima kilikuwa na volti 12.3 kwenye betri na 10.9 kwenye taa. Volti 1.4 zimepotelea njiani! Tulipomaliza kazi, taa zilipata 11.8. Betri ile ile, na ile nusu volti iliyobaki ilikuwa ya urefu wa waya tu.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka, na mimi mwenyewe nililiruka mwaka wa kwanza. Nilimbadilishia mzee mmoja wa Mkokotoni plagi mpya nzuri, nikamwacha na waya wake wa zamani. Giza moja, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, halikwisha, akarudi, plagi mpya nayo imeungua. Nikamenya waya. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokwishapikwa, ukizikuna kwa ukucha zinatoa unga wa kijani. Nikakata tena, bado nyeusi. Nilikata karibu shibri nzima ndipo nikaifikia shaba inayong'aa. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda la waya yakijivuta baina ya nyuzi, nje huoni kitu. Yule mzee alipoteza usiku kadhaa wa kazi katikati ya msimu kwa sababu yangu, na tangu siku hiyo sibadilishi plagi bila kukata waya mpaka nione wekundu safi wa shaba. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba nyeusi, hata uipashe moto namna gani. Kama waya ni mweusi kote, utupe. Nunua wa milimita 4 za mraba, na ukipata ule ambao kila uzi umepakwa bati, lipa hiyo tofauti.

Plagi ninayoiweka ni ile ya njano inayoitwa XT60. Inabeba ampea 30 mfululizo, na 60 kwa muda mfupi, kwa hiyo 17 zako hazitaitoa jasho, na upande mmoja umekatwa pembe ili isiingie kinyume. Inauzwa kwa jozi. Ile yenye matundu weka upande wa betri, yenye pini upande wa taa. Ukikosea hapo, pini zenye umeme zitakuwa zinaning'inia wazi ndani ya chombo chenye maji, nyaya na mikono ya watu.

Kwenye kukata, nisikilize vizuri. Usikate nyaya mbili kwa pamoja. Ondoa kwanza waya wa hasi kwenye kichwa cha betri, kisha wa chanya, ndipo ukate. Na kama betri yako ni ya aina iliyofungwa, waya umetoka moja kwa moja ndani, kata mmoja, ufunge kwa utepe, umalize kuulehemu na kuuvika, ndipo uuguse wa pili. Niliwahi kukata zote mbili kwa plaizi kwa haraka ya magharibi, betri imejaa chaji. Mlio kama fataki, mwanga wa buluu, na makali ya plaizi yakabaki na shimo la ukubwa wa punje ya mtama. Kidole changu cha shahada kina kovu hadi leo. Betri ya maji ikitoka kwenye chaji ina hewa inayoweza kulipuka juu yake, kwa hiyo cheche hapo si jambo la kidole tu.

Kulehemu kwenyewe kunataka pasi yenye nguvu, wati 60 kwenda juu. Pasi ndogo ya redio itakuchosha, utaishikilia dakika nzima na plastiki itayeyuka kabla risasi haijakolea. Chomeka plagi na mwenzake wakati unalehemu, yule mwenzake anazishika pini zisipinde plastiki ikipata moto. Sokota nyuzi vizuri, maana milimita 4 huingia kwa kubana. Pakaza risasi kwenye waya kwanza, jaza kikombe cha pini nusu, kisha vikutanishe na uhesabu mpaka tano. Ikipoa iwe inang'aa na imetambaa kwenye nyuzi. Ikiwa imekaa kama tone juu ya jani la mgomba, haijashika, rudia. Dawa ya kulehemu iwe ile ya utomvu, si ya asidi ya mafundi bati. Ile ya asidi inaendelea kula shaba baada ya wewe kuondoka.

Usisahau kuvika kile kipira kinachonywea kwa moto kabla hujalehemu, baada ya hapo hakiingii. Kisha funga waya kwenye kitu kigumu kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye plagi, kwa sababu pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, na mtikisiko wa mashine unaukata hapo hapo.

Rangi za waya usiziamini. Nimekutana na taa ambazo waya mweusi ndio chanya. Pima kwa mita, tazama alama za jumlisha na toa zilizochongwa kwenye plagi, pima tena ukimaliza kabla hujawasha. Ukigeuza, taa zinaweza kufa zote nne kwa mpigo.

Na tia fyuzi ya ampea 25 karibu kabisa na kichwa cha chanya. Vyombo vingi ninavyoletewa havina, na hilo linaniumiza, kwa sababu shoti ikitokea usiku katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia.

Ukimaliza, washa taa nchi kavu kwa robo saa ukiigusa plagi. Vuguvugu si neno. Ikikuunguza, kuna pahala hapajashika. Baharini ukirudi, suuza plagi kwa maji baridi ya mfereji, ikauke, pakaza mafuta ya mgando kidogo kwenye pini na kwenye vichwa vya betri.

Chaja yako nayo itataka plagi ile ile ya njano. Ibadilishe siku hiyo hiyo, usitengeneze kiunganishi cha kati, maana kila kiunganishi ni pahala pengine pa kutu. Nunua jozi tatu: moja ya kazi, moja ya chaja, moja ya akiba chomboni. Kama Wete hazipatikani, niambie, nitakutilia kwenye boti ya Mkoani. Na ukipima kabla ya kukata, niandikie hapa zile namba mbili, ya betri na ya taa, tuzitazame pamoja.