Somo, nimtoe nani kwenye grupu?

Somo, shikamoo. Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la wapenzi wa jinsia moja. Tuko 86: wengi Mombasa na Kilifi, wachache Nairobi, Waganda kadhaa waliokimbia baada ya sheria yao ya 2023 dhidi ya watu kama sisi, na mmoja yuko Maskati. Wiki iliyopita kijana wa Likoni aliandika asubuhi, "Mashoga wenzangu, mmeamkaje?" Mzee mmoja wa Mji wa Kale akamjibu kwamba neno hilo yeye alirushiwa pamoja na mawe, hataki kulisoma akinywa chai yake. Dada akadakia: shoga ni neno la wanawake tangu enzi za bibi zetu, wanaume walirudishe. Mganda akasema sisi sote ni makuchu, kama wanavyojiita wenzetu wa kwao, yaishe. Hayakuisha. Kufika saa nne usiku watu wanatukaniana mama, na kijana amepiga skrinshoti ya maneno ya mzee, namba ikionekana, akaituma kwenye grupu jingine. Nusu wanataka kijana atolewe, nusu wanasema mzee ndiye mchokozi. Nafikiria kulifunga grupu lenyewe. Nifanyeje?
Admini, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mbele, mpigie mzee simu umwambie namba yake imetoka. Asije akaisikia barabarani. Ukishamaliza, rudi tuzungumze.

Umeniletea kesi mbili umezifunga furushi moja. Ya kwanza ni ya neno, na hiyo haina mkosaji. Mimi nimezaliwa Kibokoni. Mama na jirani yake walikuwa wakiitana dirishani kila alasiri, "Shoga, una chumvi?" Neno hilo hilo nikalisikia tena Marikiti, nikiwa na miaka tisa au kumi, likirushwa mgongoni kwa kaka aliyekuwa akiuza ndimu. Hakugeuka. Aliendelea kuzipanga ndimu zake nne nne, mikono ikitetemeka. Basi dada anasema kweli, mzee anasema kweli, na kijana aliyeamua kuliokota lile jiwe alivae kama pambo naye ana kweli yake. Usilipige neno marufuku. Waambie tu kwamba jina la kujiita ni la mwenyewe. Kijana akitaka kujiita shoga, ni ruhusa yake. Lakini kuwasalimia watu 86 kwa neno lake ni kuwavisha nguo ambayo hakuwapima. Na mzee ana haki ya kusema linamuuma, hana haki ya kulitoa kinywani mwa mwenzake.

Kesi ya pili ni skrinshoti, na hapo simama imara. Kwenye grupu namba ya kila mmoja iko wazi kwa wote, na hapa kwetu namba ni jina: ukitaka kuitumia pesa, jina la mwenyewe linakutokea kabla hujakamilisha. Jina likijulikana, nyumba iko mbali gani, Mji wa Kale? Na kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi yetu, bado kipo: jela hadi miaka 14. Kubishana kunachosha. Kumfichua mtu bila idhini yake kunaweza kumharibia maisha. Kijana apumzishwe mwezi mmoja. Mpigie kwa sauti, usimwandikie. Apate kusikia kwamba hujamchukia. Aombe ile picha ifutwe kule alikoituma, kisha amwombe mzee radhi wakiwa wawili tu, bila ya watazamaji.

Yale matusi ya mama yafute wewe mwenyewe. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote ukapotea kwa wote. Siku moto ukipanda tena usiku, lifunge grupu maadmini tu waweze kuandika, mpaka watu waamke. Na usihukumu peke yako. Tafuta wenzako wawili, mmoja awe yule mnayepingana kila siku. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliporuhusu chama chetu cha kutetea haki kisajiliwe, majaji watatu walikubali na wawili wakakataa, na waliokataa wakaandika sababu zao kwa kirefu. Uamuzi ni uamuzi, lakini maneno yao hayakufutwa. Hivyo ndivyo ninavyotaka grupu lako liwe.

Sasa nikwambie kwa nini nasema mwezi mmoja, sisemi umtoe kabisa. Tarehe 24 Mei 2019, Ijumaa ya Ramadhani, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukiondoa kifungu kile cha 162 na mwenzake wa 165. Nilikuwa admini wakati huo. Watu walikuwa wanalia kwa sauti, futari imepoa. Kijana mmoja akaandika, "Kesi hii tusingeipeleka. Mmetuanika." Wakamwita msaliti. Mimi niliamini, na naamini mpaka leo, kwamba ilistahili kupelekwa, na nilikuwa na uchungu. Nikamtoa saa tano usiku bila kumuuliza kitu.

Siku nne baadaye rafiki yake alinieleza. Kaka zake walikuwa wametazama taarifa ya saa moja, mmoja akasema jambo, mwingine akamgeukia, na kabla ya tarawehe kwisha alikuwa nje na mkoba wa shule wenye nguo mbili. Yale maneno aliyaandika akiwa amekaa kwenye kituo cha matatu. Hakuwa anatubishia. Alikuwa anatueleza alipo, na hatukusoma. Ningemfuata pembeni nikamwandikia "kuna nini, mwanangu?" angelala kwangu usiku ule. Nilimtafuta. Namba yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo huyo wa Likoni mpe tarehe ya kurudi. Iandike kwenye ujumbe ule ule wa kumtoa, siku na mwezi. Kisha umuulize analala wapi.