Kampuni Imekubali Kutusaidia: Tuombe Nini?

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa uhandisi chuoni. Kampuni moja ya elektroniki iko tayari kutusaidia kuunda setilaiti ya mchemraba, sentimita 10 kila upande. Tuiombe fedha kiasi gani, na tuanzie wapi?

JIBU: Fedha iwe ombi la mwisho. Bodi, betri na paneli za jua zinauzwa. Vigumu kuvipata ni meza ya mtetemo (hukitikisa chombo kama roketi itakavyokitikisa), chumba cha ombwe, yaani kisicho na hewa, cha kupimia joto na baridi, na mhandisi atakayekaa nanyi kila baada ya wiki mbili akiikosoa michoro yenu bila huruma. Viandikwe kwenye mkataba kwa saa na tarehe. Maneno "msaada wa kiufundi" hayambani mtu.

Setilaiti za vyuo zinazonyamaza tangu siku ya kwanza si chache, na mara nyingi tatizo ni kwamba hazikujaribiwa zikiwa zimeungwa nzima. Kila sehemu hufaulu ikiwa peke yake mezani. Huko juu antena inagoma kufunguka, betri imeishiwa chaji kwa kusubiri safari, au kompyuta inajizima na kujiwasha bila kikomo. Kwa hiyo endesheni chombo kizima kwa betri yake, wiki kadhaa, bila kukigusa, mkikipelekea amri kwa redio tu. Hakikisheni pia programu inasubiri: kwa kawaida dakika 30 baada ya kuachiliwa ndipo antena zifunguke, na 45 ndipo irushe mawimbi.

Ombi la kibali cha masafa ya redio lianze mara tu mnapochagua redio. Hupitia mamlaka ya mawasiliano ya nchi hadi ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, na yakiwa masafa ya redio za ridhaa (za watu wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa faida), IARU, umoja wao wa kimataifa, nayo huyaratibu. Hapa wafadhili wengi hujikwaa, maana masafa ya ridhaa hayaruhusiwi kwa biashara. Kampuni ikitaka kuuza picha zitakazopigwa na setilaiti yenu, redio na kibali vyote vibadilike, kwa hiyo waulizeni mapema.

Chukueni na wanafunzi wa mwaka wa pili. Kikosi cha mwaka wa mwisho kitahitimu kazi ikiwa katikati, kiondoke na nywila zote.

Na kama hakuna kati yenu aliyewahi kuunda chochote cha namna hii, tangulizeni setilaiti ya kopo: ukubwa wa kopo la soda, parachuti, kipima joto na kanieneo, data ikitumwa kila sekunde. Makosa yake ni ya bei nafuu.

SWALI: Na gharama ya kuirusha?

JIBU: Kwa vyuo vya nchi zinazoendelea upo mpango wa KiboCUBE, wa UNOOSA (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga za juu) na JAXA (shirika la anga za juu la Japani), ulioanza 2015. Setilaiti huachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilipita njia hiyo Mei 2018. Mpango hulipia safari. Kuunda na kujaribu ni juu yenu, kwa hiyo ombeni mkiwa na mkataba wa maabara mkononi.