Puliza, kisha subiri: kwa wanaoanza kutumia dawa ya kusafisha ngozi kabla ya sindano na upasuaji

Chupa ya kupulizia dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi ni kati ya vitu ambavyo hakuna anayekaa chini kukufundisha. Unaonyeshwa mara moja kwa haraka, puliza hapa, choma pale, na kuanzia siku hiyo unahesabiwa kuwa unajua. Nimewaelekeza wauguzi na matabibu wengi wapya, na karibu wote huja na tabia ileile: wanapuliza vizuri, halafu sindano inaingia ngozi ikiwa bado inang'aa kwa majimaji. Muda wa kukauka wanauona kama muda uliopotea. Hapo ndipo nataka tuongee kwa kirefu. Mengine nitayapitia kwa haraka.

Kwanza ujue ulichoshika. Chupa nyingi za aina hii zina alkoholi ya asilimia 70, na nyingi kati yake zimeongezwa klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5 au 2. Alkoholi huua haraka kwa kuvuruga protini za vijidudu, na kazi hiyo huifanya vizuri zaidi ikiwa imechanganyika na maji. Kwa hiyo usidanganyike kwamba alkoholi ya asilimia 95 ndiyo kali zaidi. Ubaya wa alkoholi ni kwamba ikishapaa haiachi kitu. Klorheksidini hung'ang'ania ngozi na kuendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, ndiyo maana inapendwa kwenye kanyula (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) na mipira mingine itakayokaa mwilini kwa siku kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia wagonjwa 849 wa upasuaji. Waliosafishwa kwa klorheksidini yenye alkoholi walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 9.5, na waliosafishwa kwa povidoni-iodini, ile dawa ya kahawia yenye iodini, kwa asilimia 16.1. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza klorheksidini yenye alkoholi kwa kuandaa ngozi kabla ya upasuaji.

Dawa hiyo hata hivyo haioshi. Ngozi yenye vumbi, damu iliyoganda au mafuta ya kupaka ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, isuuzwe vizuri, ikaushwe. Usuuzaji una maana yake, kwa sababu mabaki ya sabuni za kawaida hupunguza nguvu ya klorheksidini. Ukipuliza juu ya uchafu umeulowesha tu.

Sasa kukauka. Kwa sindano ya kawaida, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema ngozi ipakwe alkoholi kwa sekunde 30, kisha iachwe sekunde 30 nyingine ikauke. Dakika moja tu, lakini ukiwa na foleni mlangoni dakika hiyo ni ndefu ajabu. Ushauri wangu ni uipangie kazi: puliza, halafu ndipo ufungue kanyula, ukate plasta, umuulize mgonjwa jina lake tena. Ukimaliza hayo ngozi imekauka yenyewe na hujasubiri chochote. Wapya wengi hufanya kinyume, wanaandaa kila kitu na kupuliza mwisho kabisa, kisha wanasimama na sindano mkononi. Nani ataweza kusubiri hivyo?

Usiipepee kwa karatasi wala usiipulizie kwa mdomo. Pumzi yako ina vijidudu kuliko ngozi uliyotoka kuisafisha. Usiifute kwa pamba kavu pia, maana unaondoa dawa kabla haijamaliza kazi. Na ukishasafisha usiuguse tena mshipa kwa kidole ili kuhakikisha bado upo. Najua mkono unavutwa kufanya hivyo. Utafute mshipa kwanza, ukariri alama ya kuutambua, ndipo upulize. Ukilazimika kugusa tena, safisha upya au vaa glavu tasa, yaani zisizo na kijidudu chochote.

Ukichoma ngozi ikiwa mbichi, alkoholi inaingia na ncha ya sindano na mgonjwa anaungua. Watoto hawasahau maumivu hayo, na sindano inayofuata itakuwa vita. Ukitoa damu ya vipimo, alkoholi iliyobaki inaweza kupasua chembe nyekundu na kuharibu sampuli. Kwenye damu ya kuotesha vijidudu, kusafisha kwa pupa huingiza vijidudu vya ngozi ndani ya chupa, na mgonjwa anaweza kupewa antibayotiki kwa ugonjwa asiokuwa nao. Vizibo vya chupa hizo navyo visafishwe na viachwe vikauke. Na kama damu inachukuliwa kupima kiwango cha pombe, usitumie dawa yoyote yenye alkoholi. Tafuta isiyo nayo, la sivyo majibu yatabishaniwa.

Hayo ni ya sindano. Kwenye upasuaji, ubichi huo unaweza kumuunguza mtu kwa moto kweli. Mvuke wa alkoholi hushika moto katika joto la kawaida la chumba, na chumba cha upasuaji kina kila kinachohitajika: oksijeni inayovuja pembeni ya barakoa, vitambaa, na mashine ya umeme ya kukatia na kuzuia damu ambayo inatoa cheche. Mwali wa alkoholi ni wa buluu hafifu, na chini ya taa kali huenda usiuone mpaka kitambaa kianze kukunjamana. Maelezo ya dawa nyingi za klorheksidini yenye alkoholi zinazotumika kwenye upasuaji yanataka angalau dakika 3 za kukauka kwenye ngozi isiyo na nywele, na hadi saa nzima penye nywele. Dawa ikinaswa kwenye nywele haikauki kwa ratiba yako. Kama nywele lazima ziondoke, zikatwe kwa mashine. Wembe huacha mikwaruzo ambayo vijidudu huipenda.

Dawa ya kupuliza ina hila nyingine hapa: inatiririka. Unapuliza tumbo, inakusanyika kitovuni. Unapuliza paja, inateremkia kwenye kinena na chini ya makalio, inalowesha shuka. Juu ngozi imekauka na kila mtu ameridhika, chini kuna dimbwi. Likifunikwa kwa vitambaa vya upasuaji, mvuke unajikusanya chini yake ukingoja cheche. Hata bila moto, ngozi iliyolalia alkoholi kwa muda mrefu huungua kwa kemikali, hasa dawa ikipenya chini ya mkanda wa kubana damu mkononi au mguuni. Kwa hiyo tandika vitambaa vya kunyonya pembeni kabla ya kupuliza, viondoe ukimaliza, kisha pitisha mkono wenye glavu chini ya mgonjwa. Shuka ikiwa mbichi, ibadilishwe. Daktari mpasuaji anaweza kukunja uso kwa kuchelewa; mwache akunje. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Daktari, bado haijakauka." Sijaona mpasuaji mwenye akili timamu anayebishana na sentensi hiyo.

Kuna sehemu ambazo chupa hii haiendi kabisa. Klorheksidini huharibu kioo cha mbele cha jicho, na ikipita kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka inaweza kuleta uziwi. Kwa hiyo usoni usipulize. Kama mwongozo wa kituo chako unaruhusu dawa hiyo kwenye paji la uso au shavu, iweke kwenye gozi (kitambaa chepesi cha kusafishia vidonda) mbali na mgonjwa, kisha pakaa kwa mkono. Vidonda vilivyo wazi na utando wa ndani wa mwili navyo si mahali pa alkoholi. Mgonjwa mwenye pumu anaweza kubanwa na ule ukungu, kwa hiyo mwambie ageuze uso, au tumia gozi kwake pia.

Mgongoni, kwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Klorheksidini ni sumu kwa mishipa ya fahamu. Itumike iliyo hafifu ya asilimia 0.5, ikauke kabisa kabla ngozi haijaguswa, na trei ya sindano ifunikwe au iwe mbali wakati wa kupuliza, kwa sababu matone yanaruka kuliko unavyodhani. Glavu zikilowa, zibadilishwe. Na dawa ya ngozi isiwekwe kamwe kwenye kibakuli kisicho na jina kando ya dawa ya ganzi. Mwaka 2010 huko Australia mwanamke aliyekuwa akijifungua alidungwa klorheksidini mgongoni badala ya dawa ya ganzi, akapata madhara makubwa ya kudumu. Vimiminika viwili katika vibakuli viwili vinavyofanana ni mtego uliotegwa na watu wenye nia njema.

Watoto wachanga, hasa njiti, wana ngozi nyembamba sana. Alkoholi na klorheksidini zimewaunguza wengi wao hata kwa kiasi kidogo, na povidoni-iodini nayo hupenya na kuweza kuvuruga tezi ya shingo. Kwao fuata mwongozo wa wodi ya watoto, tumia kidogo kabisa, na usiruhusu dawa ikae mgongoni au chini ya nepi. Hapo chupa ya kupuliza iweke kando tu, haina nidhamu ya kutosha.

Kuhusu mzio, swali la "una mzio wa dawa yoyote?" halitoshi, kwa sababu watu hawahesabu dawa ya ngozi kuwa dawa. Uliza kama amewahi kuwashwa, kuvimba au kubanwa kifua baada ya kusafishwa ngozi, kusukutua mdomo kwa dawa ya kusukutulia, au kuwekewa mpira wa mkojo, maana klorheksidini huweza kuwamo katika vyote hivyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mzio huu: ni nadra, lakini unaweza kuua. Kwa upande mwingine, utasikia kwamba mwenye mzio wa kamba na kaa asipakwe iodini. Hilo achana nalo. Mzio wa wanyama hao unatokana na protini zao, iodini haihusiki.

Chupa yenyewe ina mambo machache. Andika tarehe ya kuifungua. Usiongezee dawa mpya juu ya mabaki ya zamani. Kuna bakteria wanaoweza kuishi ndani ya dawa za kuua vijidudu, na wameshasababisha milipuko hospitalini. Vivyo hivyo mkebe wa pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi: kila mkono unaoingia unaacha kitu. Iweke chupa mbali na joto. Soma jina kila mara, kwa sababu dawa ya kupuliza ya kugandisha ngozi kwa baridi hukaa rafu moja na hii, na yenyewe inapunguza maumivu tu, haisafishi.

Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza aliyeanzisha upasuaji wa kutumia dawa za kuua vijidudu, katika miaka ya 1870 alijaza chumba kizima ukungu wa asidi ya kaboliki akidhani adui yuko hewani. Kufikia 1890 alikuwa ameachana na mtindo huo. Nakumbuka habari hiyo kila ninapomwona mgeni akipuliza kutoka mbali kama anafukuza mbu. Isogeze chupa kwa umbali ulioandikwa kwenye lebo, lowesha eneo lote utakalochoma na pembezoni mwake hadi ling'ae, na kama ni eneo la kuingiza mpira mkubwa au kupasuliwa, tumia gozi au kifaa cha kusugulia ili dawa iingie kwenye mikunjo ya ngozi. Msuguano hufanya kazi ambayo matone peke yake hayaiwezi.

Na waambie wanaofua: shuka yenye klorheksidini ikikutana na dawa ya klorini inatoka na madoa ya kahawia yasiyoondoka, na lawama zitakuja kwenye wodi yako.