Kadi Inapotoweka Usiku wa Manane: Maswali Yenu Kuhusu Mitambo ya Kuchimba

Safari hii barua zenu zina kilio kimoja: mtambo wa kadi nyingi za michoro unachimba sarafu za kidijitali vizuri kwa saa kadhaa, halafu ghafla kadi inapotea au mashine nzima inazima. Kabla sijajibu, niombe jambo moja tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri. Anayebadilisha draiva (programu inayoendesha kadi), raiza (kiunganishi kati ya kadi na madabodi, ubao mkuu wa kompyuta) na kasi ya kumbukumbu usiku uleule, hata mtambo ukipona hajui dawa ni ipi, na ukiugua tena anaanza sifuri.

Fundi, nina kadi sita za NVIDIA kwenye Linux. Kadi namba tatu inatoweka kila baada ya saa tano au sita. Nikizima na kuwasha, inarudi. Logi, yaani daftari la matukio la mfumo, inasema Xid 79. Nimeshabadilisha draiva mara nne. Kadi imekufa?

Huenda ni nzima kabisa, na hizo draiva nne umezionea. Xid 79 maana yake draiva imeiita kadi kupitia PCIe, njia inayoiunganisha na madabodi, na kadi haikuitika. Draiva ni mleta habari tu.

Anza na lisilohitaji bisibisi: irudishe kadi hiyo kwenye kasi ya kiwandani, kiini (chipu kuu ya kadi) na kumbukumbu, uiache siku nzima. Ikitulia, ulikuwa umeikamua kupita uwezo wake. Ikitoweka tena, sasa shika waya.

Kati ya kadi yako na madabodi kuna vitu vinne: kibao kidogo kinachoingia kwenye sloti, kebo inayofanana na ya USB, ubao wa raiza wenyewe, na plagi inayouletea umeme. Hivi ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kwenye mtambo, na kwa uzoefu wangu ndivyo vinavyoleta kesi nyingi za namna hii. Chukua raiza nzima ya kadi namba tatu uipe kadi namba tano, na ya tano uipe ya tatu. Kadi zisihame, sloti zisihame. Baada ya hapo ikitoweka namba tano, mchawi ni raiza. Ikiendelea kutoweka namba tatu, kadi hizo mbili zibadilishane sloti. Ugonjwa ukiifuata kadi hata huko, hapo ndipo uishuku kadi.

Jihadhari na kitu kimoja: namba unazoziona kwenye skrini hufuata mpangilio wa sloti, kwa hiyo ukihamisha kadi namba nayo inahama. Bandika kipande cha karatasi kwenye kila kadi, andika herufi A mpaka F, na uamini karatasi kuliko skrini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika wiki mbili na mtambo wa aina hii. Mwishowe nilipitisha kidole kwenye kebo moja baada ya nyingine huku feni zinazunguka, na ya nne ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mtetemo wa feni ulikuwa unailegeza kidogo kidogo. Nilibadilisha kebo, nikaifunga kwenye fremu kwa tai ya plastiki, basi. Na ukiwa hapo, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) ushushe kasi ya sloti iwe Gen1 au Gen2. Kazi ya kuchimba haihitaji njia pana, na mawimbi ya kasi ndogo huvumilia kebo mbovu kuliko ya kasi kubwa.

Nimeishiwa plagi. Kwenye boksi la raiza kulikuwa na kebo ya kugeuzia plagi ya SATA. Naweza kuitumia? Kadi zangu hazina plagi yake ya umeme.

Usiitumie. Kama umeshaiweka, zima mtambo kwanza ndipo uendelee kusoma.

Sloti ya PCIe inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75, na kati ya hizo wati 66 hupita kwenye volti 12, yaani ampea 5.5. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiwa imekadiriwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Plagi ile ilitengenezwa kwa ajili ya diski. Kadi isiyo na plagi yake haina pengine pa kunywea, umeme wake wote unapita kwenye raiza, saa ishirini na nne, bila kupumzika.

Nimewahi kuichomoa plagi ya hivyo kwenye mtambo wa rafiki. Plastiki nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia, pini mbili zimezama ndani kama misumari iliyochomekwa kwenye nta, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mtambo ulikuwa bado unachimba, skrini inaonyesha kila kitu kiko sawa. Watu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Tumia raiza zenye tundu la pini sita za PCIe, zilishwe kwa kebo za kadi zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, zisizidi raiza mbili kwa kebo moja. Molex, ile plagi ya zamani ya pini nne, inafaa pia ikiwa imekaza vizuri. Plagi zikiisha, pawa saplai imeshakujibu kuwa uwezo wake umefika kikomo. Na jambo dogo lisilohusu swali lako lakini limewahi kuharibu vifaa: kebo ya raiza inafanana na ya USB kwa umbo tu. Usiichomeke kwenye tundu la USB la kompyuta.

Wakati wa Ethereum mtambo wangu ulikaa miezi bila kuzima. Tangu nihamie sarafu ya Ravencoin unajizima hata kabla ya dakika kumi. Mipangilio ni ileile, sijagusa kitu.

Ugonjwa wako uko kwenye hayo maneno "mipangilio ni ileile".

Ethereum ilipoachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, wengi tulihama na mipangilio yetu kama tulivyo. Lakini ile mipangilio ilishonewa mwili mwingine. Ethash, kanuni ya kuchimbia Ethereum, ilikuwa inaitumikisha kumbukumbu, kiini cha kadi kikiwa na nafasi ya kupumua, ndiyo maana tuliweza kushusha volti na kasi ya kiini bila madhara. KawPow ya Ravencoin inakikamua kiini na kumbukumbu kwa pamoja. Usishangae kadi iliyoridhika na wati 120 ikadai 170 au zaidi.

Piga hesabu ya kadi sita. Zamani: 6 mara 120 ni 720, ongeza 80 za madabodi na vingine, unapata 800. Pawa saplai ya wati 1000 ilikuwa inabeba asilimia 80, mahali pazuri kwa kazi ya mchana na usiku. Sasa: 6 mara 170 ni 1020, na zile 80, ni 1100. Pawa saplai inajilinda kwa kuzima, na inafanya kazi yake sawasawa.

Hapa nataka usome dalili kwa makini, kwa sababu watu wanachanganya magonjwa mawili. Mashine nzima ikizima kwa mpigo, feni zote kimya, tafuta kwenye umeme. Kadi moja ikiganda huku nyingine zinaendelea, au mtambo ukiwa hewani lakini programu ya kuchimba imeanguka, tafuta kwenye volti na kasi za kadi hiyo: umeibana kiini kwa volti ndogo kuliko kinavyohitaji kwa kazi hii mpya. Kwa maelezo yako, wewe uko kundi la kwanza.

Futa mipangilio yote ya zamani. Weka kikomo cha wati kwa kila kadi (kwenye NVIDIA amri ya nvidia-smi inatosha), anza chini, panda taratibu, huku kipimo cha wati kikiwa kwenye soketi ya ukutani. Usitegemee jumla inayoonyeshwa na programu pekee: haihesabu umeme unaopotea ndani ya pawa saplai, na kwa baadhi ya kadi inasoma kiini tu.

Kingine: Ravencoin hubadilisha kipindi kila bloku 7,500, yaani takriban kila siku tano. Wakati huo kadi zote zinaunda upya DAG, lile faili kubwa linalokaa kwenye kumbukumbu, na mzigo wa umeme unayumba ghafla. Mtambo unaozima kila baada ya siku tano hivi, saa ambayo hukuitarajia, uangalie hapo. Programu nyingi za kuchimba zina chaguo la kuunda DAG kadi moja baada ya nyingine. Liwashe.

Pawa saplai mbili kwenye mtambo mmoja, ni salama?

Ndiyo, kwa masharti mawili. Ziwake pamoja kupitia kibao cha kuziunganisha. Na kadi pamoja na raiza yake vipate umeme kutoka pawa saplai moja. Usiipe kadi umeme wa huku, raiza yake umeme wa kule.

Kadi nne zinawaka vizuri. Nikiweka ya tano, skrini nyeusi, mashine haifiki hata kwenye Windows.

Ingia BIOS utafute Above 4G Decoding, uiwashe. Kila kadi inaomba eneo lake la anwani, na eneo lililo chini ya GB 4 ni dogo. Kadi nne zinabanana humo, ya tano inakosa pa kukaa. Zima pia sauti ya ndani na vifaa vingine vya madabodi usivyotumia. Soma kitabu cha madabodi yako, maana kwenye baadhi ya bodi ukiweka diski ya M.2 sloti moja ya PCIe inakufa, na watu wamezika raiza nyingi nzima kwa sababu hiyo.

Ukishafika Windows, ongeza kumbukumbu pepe iwe angalau sawa na jumla ya kumbukumbu za kadi zote. Kadi sita za GB 8 ni GB 48, nami huweka zaidi kidogo. Ukiisahau, programu ya kuchimba itaanguka wakati wa kuunda DAG na utailaumu kadi bure.

Programu inaonyesha kasi kubwa, lakini puli (kundi la wachimbaji ninalochimba nalo) inanihesabia ndogo. Naibiwa?

Angalia kwanza shea (majibu ambayo kadi zako hutuma kwa puli) zilizokataliwa, na sababu yake. Zikiwa zimechelewa, tatizo ni mtandao wako au puli iliyo mbali. Zikiwa batili, kadi inakosea hesabu, na hapo ni kumbukumbu iliyosukumwa kupita kiasi. Shusha megahezi 50, subiri, shusha tena, mpaka batili ziwe sifuri.

Kumbukumbu za GDDR6X zina tabia inayodanganya. Data ikiharibika njiani zinaituma tena badala ya kuanguka. Kwa hiyo unapandisha kasi, kadi haigandi, unafurahi, kumbe inarudia kazi na heshi, yaani hesabu za kuchimba kwa sekunde, zinapungua. Ukiona megahezi zinapanda na heshi zinashuka, rudi nyuma.

Kama hakuna shea zilizokataliwa, tulia. Puli inakadiria kasi yako kutokana na shea zinazofika, na kwa saa moja bahati ina sauti kubwa. Linganisha wastani wa saa 24.

RTX 3080 yangu ina nyuzi 62 tu, lakini kila baada ya nusu saa kasi inaporomoka kisha inarudi.

Hizo 62 ni za kiini. Tafuta joto la kumbukumbu. GDDR6X ikifika nyuzi 110 kadi inajipunguza yenyewe ili isiungue, ndiyo mporomoko unaouona. Shusha kasi ya kumbukumbu na uongeze feni leo. Ukipata nafasi, badilisha pedi za joto, lakini pima unene wa zile za zamani kabla ya kuagiza mpya: pedi nene kuliko inavyotakiwa inanyanyua kipoza joto kisikae vizuri juu ya kiini, na utakuwa umehamisha tatizo tu.

Nimeweka programu ya mlinzi wa kuwasha mtambo upya kila ukiganda. Sasa unafanya kazi saa zote. Kuna ubaya?

Mlinzi mwache, mimi pia ninaye. Ila hesabu ameamka mara ngapi. Akiwasha mara moja kwa mwezi, sawa. Akiwasha mara nne kwa usiku, kuna plagi inayolegea au kadi inayoteseka, naye anakufunika usione. Hakikisha logi inahifadhiwa kwenye diski kabla ya kuwasha upya, maana wengi huifuta pamoja na ushahidi wote. Na kama mfumo wako unakaa kwenye flashi ya USB, uhamishie SSD ndogo. Flashi huchoka kwa kuandikwa logi kila sekunde, na ikichoka mtambo huganda kwa namna inayofanana na kila ugonjwa niliotaja hapo juu.

Nimerekebisha. Nisubiri muda gani ndipo nijue umepona?

Siku tatu bila kugusa kitu. Ukiwa unachimba Ravencoin, subiri mpaka kipindi kimoja kipite. Kisha uzime, upoe kabisa, uuwashe ukiwa baridi, kwa sababu plagi iliyolegea hukaa vizuri ikiwa na joto na kukataa ikiwa baridi. Ukiwaka mara tatu mfululizo na kadi zote zikaonekana, ndipo uguse kasi ya kumbukumbu, ya kadi moja.