Uliza Nani Alilala Chumba Gani: Nilivyoanza Kuiandika Kariakoo ya Bibi

Nyumba aliyozaliwa mama yangu, pale Kariakoo, Dar es Salaam, ilivunjwa kwa siku moja na nusu. Siku ya kwanza mafundi walishusha mabati na mbao wakaviegemeza kwenye ukuta wa jirani, maana mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Kesho yake wakaangusha kuta, na ilipofika adhuhuri nikawa natazama kiwanja kitupu, nikashangaa kilivyo kidogo. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wakiishi pale. Leo pana ghorofa: chini fremu za mapazia na vitenge, juu stoo na vyumba vya kupangisha, na familia ina sehemu yake humo kwa mujibu wa mkataba. Ghorofa silichukii. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tulihama na masufuria, vitanda na kabati la vyombo, karatasi tukaziacha.

Marehemu babu alikuwa na gunia la karatasi: risiti za kodi ya kiwanja, barua, kadi, madaftari ya hesabu. Siku ya kuhama mmoja wetu aliliona takataka, akampa mama muuza maandazi wa mtaa wa pili. Siku chache baadaye nilinunua maandazi mawili, nikafunua karatasi, nikakutana na mwandiko wa babu. Wino wa bluu, majina upande wa kushoto, shilingi upande wa kulia, na mafuta yameshakula robo ya ukurasa. Nilirudi mbio kwa yule mama. Zilikuwa zimebaki kurasa nne. Alinipa zote, wala hakukubali hela.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mliokulia Kariakoo, Gerezani, Ilala, Magomeni, au mitaa ya namna hiyo kokote iliko: Ng'ambo ya Unguja, Majengo ya Mombasa, Pumwani ya Nairobi. Kama nyumba ya wazee wenu bado imesimama, au imevunjwa lakini bado kuna mzee anayeikumbuka, anza wiki hii. Nitawaeleza nilivyofanya mimi, na pale nilipokosea.

Kosa la kwanza lilikuwa swali. Nilikwenda Mbagala kwa mdogo wake bibi, ambaye kwetu naye ni bibi, nikiwa na daftari jipya. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, karibu." Nikakaa mkekani nikamwambia, "Bibi, naomba unieleze historia ya Kariakoo." Akajiweka sawa, akafunga vizuri kanga, akanipa maneno yale yale ya redioni: Kariakoo ni Carrier Corps, Mwingereza aliweka kambi ya wapagazi. Akamaliza kwa dakika tano, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Alichosema ni kweli, na ni vizuri ukijue sawasawa kabla hujabisha hodi kwa mzee yeyote, ili usimpotezee muda. Wajerumani ndio waliopima eneo lile kwa mitaa iliyonyooka, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakitaka kuwatenga Waafrika na mji wao wa pwani. Wakajenga na banda la soko. Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, wakaligeuza eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Vita ile ilipiganwa kwa vichwa na mabega ya watu: farasi na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo unga, risasi na majeruhi vilibebwa na wanaume waliokusanywa kutoka kila upande. Wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao likalainika midomoni mwa watu likawa Kariakoo, na Nairobi likawa Kariokor. Baada ya vita Waingereza wakagawa mji kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kutenganisha Wahindi na sisi.

Hayo yote utayapata bila kumsumbua bibi. Kile ambacho hutakipata kokote kimo kichwani mwake tu, na nilikipata kwa bahati. Nilipokuwa nasubiri chai nilichora nyumba nyuma ya kalenda. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita mnazijua: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na kule uani jiko, bafu na choo. Nikamwonyesha bibi mchoro, nikamwuliza, "Hiki cha mbele kulia alilala nani?"

Bibi hakunyamaza tena mpaka magharibi. Mbele kulia alilala mama yao, mwenye nyumba, maana nyumba ilikuwa ya mwanamke. Alichangiwa na nduguze na akauza dhahabu zake kununua mabati ya kuondolea makuti. Mbele kushoto fundi cherehani, Mmanyema, ambaye mchana cherehani yake ilikaa barazani na usiku inaingizwa ndani. Chumba cha katikati kulia mtu na mkewe kutoka Songea, mume akifanya kazi bandarini. Nikagusa uani, akacheka peke yake kwanza. Uani ndiko kulikokuwa na mikutano ya ngoma ya akina mama, na ndiko alikoiona kadi ya TANU kwa mara ya kwanza, imefichwa ndani ya debe la mchele.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, kwenye nyumba ya TAA, chama kilichoitangulia, pale New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, akaanza kuingiza wanawake kwenye chama kwa kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Ni rahisi kulisoma hilo ukapita. Lakini ukimsikiliza mwanamke aliyekuwa msichana siku hizo anavyoeleza nani alileta kadi, nani alikataa akihofia mumewe atafukuzwa kazi, nani alitoa shilingi ya mwenzake, unaona uhuru ulivyopita kwenye uwa wenu, kati ya kinu na kamba ya nguo.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huo. Usiulize historia. Chora nyumba, uliza nani alilala chumba gani, aliamka saa ngapi, alikula nini, alihamia wapi. Mzee akiulizwa mambo makubwa hujiona anahojiwa, akatoa yale anayodhani unataka kuyasikia. Akiulizwa chumba, anaingia ndani yake.

La pili ni majina ya mitaa. Andika la zamani na la sasa pamoja, kila mara. Kwenye moja ya zile kurasa nne babu ameandika "Kichwele", nami nikahangaika siku kadhaa nikidhani ni jina la mtu anayedaiwa. Kichwele ni Mtaa wa Uhuru wa leo. Na mengine hayakubadilika, yanangoja tu yasomwe. Mahiwa na Narung'ombe ni mitaa tunayopita tukitafuta viatu na vipuri vya simu. Ni majina ya vijiji vya Lindi, na mwaka 1917 palikuwa na mapigano makali sana katika vile vijiji viwili. Wapagazi wale walifika huko, wengi hawakurudi. Nimepita Narung'ombe tangu nina miaka sita, na hakuna aliyeniambia.

Tarehe zitakusumbua. Wazee wetu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka jambo, kwa hiyo usimbane bibi kwa "mwaka gani?" Mpe vigingi vya kufungia kamba. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla au baada ya maasi ya wanajeshi, Januari 1964? Nyumba za kupangisha zilikuwa zimeshataifishwa, yaani 1971? Simba ilikuwa bado inaitwa Sunderland? (Jina hilo nalo lilibadilishwa 1971, na swali la mpira hufungua kinywa cha mzee mwanamume kuliko swali lolote. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zina makao pale pale, Jangwani na Msimbazi, na ushabiki wa nyumba nzima unaweza kukuambia nani alioa wapi.) Soko jipya lilikuwa limejengwa? Vita vya Kagera? Msako wa wahujumu uchumi, 1983? Kwa njia hii niliweza kujua kwamba fundi cherehani alihama kati ya 1971 na kujengwa kwa soko. Inatosha.

Na hilo soko usiliruke. Jengo lenye zile nguzo pana juu kama miavuli iliyopinduliwa ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki, na lilifunguliwa 1975. Ile miavuli inakinga mvua na kuiteremsha chini. Mama alinieleza jinsi walivyokuwa wakienda kulitazama likijengwa, wanasimama tu, hawana cha kununua. Usiku wa Julai 10, 2021 lilipoungua, mama alikaa macho na simu mkononi, na asubuhi akasema kitu kimoja tu, kwamba kwenye ngazi ya kushukia shimoni, ile sakafu ya soko iliyo chini ya ardhi, ndipo alipokutana na baba. Kama isingekuwa moto ule nisingelijua. Kwa hiyo tembea na mzee mkiweza, hata kwa bajaji, simama mahali, umwache atazame. Mama akisimama karibu na soko anakumbuka mara tatu ya anavyokumbuka akiwa sebuleni.

Kurekodi ni kwa simu tu, lakini omba ruhusa kwanza, kwa heshima, na iweke simu pale anapoiona. Zima feni. Saa moja nzima ya maneno ya mjomba wangu imekuwa mngurumo wa feni, na mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Siku hiyo hiyo tuma nakala kwa ndugu wawili. Usimsahihishe mzee hata akichanganya: andika alivyosema, kisha mwulize mwingine jambo hilo hilo. Mimi nina habari tatu za jinsi kiwanja kilivyopatikana, na zote nimeziandika, kila moja na msemaji wake. Nenda baada ya alasiri, ukiwa na sukari au majani ya chai mkononi. Na uende waliko. Wazee wa Kariakoo wengi hawako Kariakoo tena, wako Mbagala, Tandika, Chanika, kwa watoto wao. Ukilitafuta lile la zamani pale mjini utapata mabango ya bei ya jumla.

Kuna mambo utaambiwa ambayo si ya kuandika. Nani hakuwa mtoto wa nani, nani aliuza sehemu ya mwenzake. Bibi alinishika mkono akasema, "Hili nakupa wewe, si daftari." Nililifunga daftari. Limebaki kwangu.

Neno moja kwa wale ambao mwekezaji ameshawafuata na pendekezo la ubia: ninyi mtoe kiwanja, yeye ajenge, mgawane sakafu. Kabla hamjatia saini tafuteni wakili wenu wenyewe, si wa kwake, na muulizie nani atasimamia ubora wa ujenzi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wengi wakafa chini yake, nasi tulikaa siku nzima tukihesabu ndugu kwa simu. Kisha, kabla ya mafundi hawajapanda juu ya paa, ombeni wiki moja. Pigeni picha kila chumba kutoka mlangoni, baraza, mlango wa mbele ukiwa umefunguliwa na ukiwa umefungwa, alama za urefu wa watoto ukutani kama zipo. Fungueni kila gunia.

Mchoro wangu wa nyuma ya kalenda sasa una majina kwenye vyumba vitano. Cha sita, cha nyuma kushoto, kinachopakana na uwa, bado kitupu. Ukurasa mmoja wa babu una orodha ya kodi za mwezi, mistari sita, na mstari wa mwisho ndio mafuta ya maandazi yaliyoumeza. Zinasomeka herufi mbili, "Mw", halafu doa. Bibi anakumbuka kwamba alikuwa mwanamume mpweke, akikohoa usiku, na akikaanga dagaa mtaa mzima unajua. Jina halimjii. Lakini anasema yuko binti wa jirani, sasa mtu mzima sana, anakaa Chanika, ambaye utotoni alikuwa akitumwa kwake kuchukua hela ya maji. Nimeshapata namba ya mwanawe. Nakwenda Jumapili.