Angalia kama kuna muhogo kwenye menyu

Wiki hii mmeuliza, mtu akiishi nchi za watu ataipataje hoteli ya Kihindi nzuri na isiyomtoboa mfuko. Haya, mie nimekaa Uingereza miaka, kwanza London upande wa mashariki halafu Leicester, kazi yangu kulea wazee, na sa hizi nimerudi Malindi nakula mbaazi na mahamri asubuhi kama Mungu alivyotaka, lakini njaa ya kule naikumbuka vizuri na jibu ninalo. Uliza mpishi katoka wapi, halafu uliza anampikia nani. Ukishajua hayo mawili bei utaijua kabla hujafungua menyu.

Na kusema kweli sie watu wa Malindi hatukutakiwa kufundishwa hili. Wataliano wako hapa tangu enzi za San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960 walipokuja na mambo yao ya kurusha setilaiti, na hoteli za pizza na pasta zimejaa mji mzima, lakini mwenyeji yeyote anajua ipi ni ya mtalii aliyekuja wiki moja na ipi ni ya Mtaliano aliyezeekea hapa. Ukitaka kuzitofautisha nenda mwezi wa tano mvua zinamwagika, watalii hakuna, nyingi zishafunga, sasa ile iliyo wazi na ndani kuna wazee wa Kitaliano wamekaa wanazozana juu ya mpira, kula hapo. Hao ukiwapa pasta mbovu kesho hawaji, na mwenye hoteli hana mgeni mwingine wa kumdanganya.

Sasa kule Uingereza. Hoteli nyingi zilizoandikwa za Kihindi wenyewe wala si Wahindi, ni Wabangladeshi, na wengi asili yao Sylhet, babu zao walikuwa mabaharia na watu wa jikoni kwenye meli za Waingereza, wakashuka bandarini wakabaki wakafungua hoteli. Ni watu wachapa kazi na mie siwasemi vibaya, ila ujue wanampikia nani, wanampikia Mzungu wa Ijumaa usiku. Jikoni kuna sufuria kubwa la rojo, vitunguu vingi, tangawizi, thomu na mafuta, limechemshwa masaa, na kuku kashapikwa nusu kawekwa kando, wewe ukioda chochote anachota rojo lile lile anatia kuku, hapa pilipili zaidi, pale maziwa ya lala, pale krimu na lozi, dakika chache tu umeletewa. Ndiyo maana menyu ina vyakula themanini na vyote vinakaribiana ladha. Ile tikka masala yao waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, mwaka 2001 alisema ni chakula cha taifa la Waingereza, na mie nakubaliana naye kabisa, ni chao, wachukue. Mtu uliyezoea biriani ya arusi ya Shela ukiletewa ile kitu nyekundu tamu kama sharubati utajiuliza hawa wamemkosea nini mpishi.

Halafu bei ndo inapokukamata. Wali kando, mkate kando, hata zile papadam, vichapati vikavu vya kuvunjavunja, wanazokuletea ukikaa, na vile vibakuli vya achari vya kuzungusha, unadhani karama ya mwenyeji kumbe ziko kwenye bili. London wanaongeza na pesa ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na ile si lazima, unaweza kusema kwa adabu iondolewe ikaondolewa. Na maji, msinunue maji ya chupa jamani! Hoteli yoyote yenye leseni ya pombe Uingereza sheria inaitaka ikupe maji ya bomba bure ukiomba, na ya bomba yao yanakunywika. Kuna wifi yangu alikuwa anaona haya kuomba, kila tukitoka analipia maji bei ya sahani ya viazi karai hapa kwetu.

Haya, mie nilizijua vipi zile nzuri? Kwa manesi. Ukifanya kazi ya kulea wazee Uingereza lazima utakutana na watu wa Kerala, kule kusini mwa Uhindi, wamejaa kwenye mahospitali na manyumba ya wazee, na hawa ni watu wa pwani kama sie, nazi, samaki, ukwaju, pilipili, na shifti ya usiku ikiisha hawataki mchezo na chakula. Mmoja wao tuliyekuwa naye zamu moja aliniambia dada, wewe mtu wa bahari, nenda East Ham, huko huko London mashariki. Basi East Ham nilikokwenda si kwa kupendeza, meza za plastiki, taa kali za buluu, tivi inaimba juu ya kichwa chako, mhudumu hana muda wa tabasamu, na sijakula vizuri hivo popote ughaibuni. Samaki wa mchuzi mwekundu wenye ugwadu wa lile tunda lao lililokaushwa, na pembeni nini? Muhogo! Muhogo wa kuchemsha ukapondwapondwa, umetiwa nazi na manjano na majani yale ya mchuzi. Nlikaa nikaangalia ile sahani nikamkumbuka bimkubwa wangu. Watu wa Kerala muhogo na samaki ndo chakula chao cha kila siku, chakula cha maskini, kwa hivo bei yake nayo ni ya maskini, na hakuna Mzungu wa Ijumaa anayeingia pale kuoda muhogo, kwa hivo ukiuona kwenye menyu ujue anapikiwa mtu wa Kerala mwenyewe.

Hapo hapo East Ham kuna hoteli za Watamil, za wale wa Uhindi na wale wa Sri Lanka, dosa, chapati zao nyembamba, ndefu kuliko sinia, zimeumuliwa usiku kucha kwa mchele na dengu nyeusi, na mchuzi wa sambar ambao ndani yake, mkitaka kujua, ni mbaazi zilizokobolewa. Dosa na chatini ya nazi ndo shibe ya bei rahisi kuliko zote London kwa maoni yangu na sitaki ubishi.

Leicester sasa ni habari nyingine, na hii mtu wa Afrika Mashariki itamgusa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 watoke, na baraza la mji wa Leicester likatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia kwa faida yenu msije huku. Wakaja! Na kabla yao walikuwa wameshakuja wa Kenya, ile 1967 na 1968 mambo ya pasipoti na vibali vya kazi yalipowabana. Wengi Wagujarati, watu waliozaliwa Kampala, Kisumu, Mombasa, na Belgrave Road yote ile na maduka yake ya dhahabu na sari na mithai ni kazi yao. Ukiingia hoteli zao kuna muhogo tena, safari hii wa kukaanga umetiwa pilipili na ndimu, kuna bajia za viazi vyembamba zile za Nairobi, na kwenye zile zinazopika nyama unaweza kukuta kuku wa kupaka wa nazi. Huo muhogo hawakutoka nao Gujarat, wameuchukua kwetu wakaubeba mpaka kwenye baridi. Mzee mmoja wa duka la mithai aliposikia natoka Malindi aliniuliza kwa Kiswahili safi cha Mombasa kama samaki bado wako bei rahisi, nikamwambia baba, samaki gani wa bei rahisi, wanakwenda kwa Wataliano wote. Walioko London wasihangaike kupanda treni, Ealing Road ya Wembley ina mambo hayo hayo.

Kwa Wagujarati nenda mchana, oda sinia lao moja lenye vibakuli, mna mboga mbili tatu, mchuzi wa mbaazi uliotiwa sukari guru kidogo, vichapati vyembamba, wali, kitu cha kukaanga, kitu kitamu na maziwa ya mgando ya kunywa. Bei ni moja, na hoteli zingine wanapita kukuongeza mpaka useme basi. Ule ule upishi usiku kwa kuoda kimoja kimoja utalipa karibu mara mbili. Usiku nilikuwa naenda nikialikwa tu.

Kuhusu halali, manake najua wasomaji wengi ndo swali lao. Hoteli za Wagujarati nyingi hawapiki nyama kabisa, kwa hivo hapo umepumzika, uliza tu kama pombe inauzwa kama linakusumbua. Za Wabangladeshi na Wapakistani nyingi ni halali ila uliza vilevile, hakuna anayekasirika. Za Kerala ndo uwe macho, kule kuna Waislamu, Wakristo na Wahindu, na wako wanaopika nguruwe, sasa usione samaki na nazi ukadhani uko Lamu. Na ukiona vindaloo, mchuzi ule mkali, kwenye hoteli ya Kigoa, Goa ya Uhindi iliyotawaliwa na Wareno, ile asili yake ni nyama ya nguruwe ya siki na thomu ya Mreno, taifa moja na Vasco da Gama, ambaye nguzo yake iko hapa kwetu juu ya mwamba, aliyefika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, na Calicut ndo hiyo hiyo Kerala ya manesi wangu. Hata muhogo wenyewe ni Wareno waliutoa Brazili wakausambaza. Sijui tuwashukuru au vipi, nguzo yao watoto wanapigia picha tu.

Walioko Ghuba nyinyi hamna shida hii hata kidogo, binamu yangu Doha anakula kwa watu wa Kerala kila siku, porota na chai ya karaki, analalamika kanenepa. Dubai nendeni Karama au Deira, nje ya mabarabara makubwa ya vioo, fuateni mahali madereva wa teksi wameegesha.

Mambo ya nyota za intaneti mie siyaamini sana, nyota wanatoa wale wale wa Ijumaa usiku. Ninachoangalia ni kile kikaratasi cha usafi cha mlangoni, cha kijani na cheusi, namba 0 mpaka 5. England hawalazimishwi kukibandika kwa hivo mwenye 2 utakuta kakificha, lakini alama zote ziko wazi kwenye mtandao wa serikali, andika jina la hoteli uone. Mie chini ya 4 siingii, hata manesi waniambie nini. Kisha nachungulia ndani mchana wa siku ya kazi, Jumanne hivi, kuna akina mama wa Kihindi na watoto? Kuna wazee wanakula peke yao na gazeti? Naingia. Kuna muziki wa sitari na vitambaa vilivyokunjwa kama ua na ndani hakuna mtu, napita.

Na kwa mwanafunzi ambaye hata hiyo pesa ya dosa hana, manake huko kuna wiki zinakaba, kuna mahekalu ya Kalasinga, Southall huko London liko moja kubwa sana, na karibu kila mji wenye Masingasinga utalikuta. Jiko lao linalisha yeyote anayeingia, dini yoyote, bure, kila siku. Chapati, dengu, mboga, wali wa maziwa, hakuna nyama kwa hivo halali haina swali. Mnakaa chini kwenye mkeka safu moja, tajiri na maskini, kama maulidi vile, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Usifanye ndo kibanda chako cha kila siku, na ukimaliza kula ingia jikoni usaidie kuosha sahani, wanafurahi sana. Usiende na sigara mfukoni wala pombe kichwani. Mwanamke mtandio wako unatosha, mwanamume asiye na kofia kuna vitambaa mlangoni, na viatu vinavuliwa nje kwa hivo angalieni soksi kabla hamjatoka nyumbani.